Bati za Saidi

Jumamosi, baada ya isha.

Na sijutii. Mwanangu Saidi, mwanamume wa miaka thelathini na tano, ana mke na watoto wawili, anakuja kuniomba mimi bati za kuezekea nyumba yake kule Likombe, eti mvua inakaribia. Bati ninazo, zimejaa stoo. Mikorosho ninayo, nyumba za kupangisha Rahaleo ninazo, na vyote nimevitafuta mwenyewe, mjane wa darasa la saba.

Nikamwambia, "Saidi baba, bati utapata. Shika ndoo, ukaokote korosho na vibarua mpaka msimu uishe."

Nilidhani ataona haya aondoke. Akakunja suruali, akainama kama wengine. Bi Somoe, kibarua wangu wa siku nyingi, akamtania, "Mtoto wa tajiri, mgongo umekukatalia?" Nikacheka kwa nguvu ili asikie.

Mchana nilipakua ugali wa muhogo na pweza wa nazi, kama Saidi anavyompenda tangu mdogo. Nimempika kwa mkono wangu. Sahani yake nikaiweka kwenye mkeka wa vibarua, mbali na jamvi langu. Makusudi. Angekuja tu kukaa karibu yangu, bati ningempa leo leo.

Hakuja. Alinawa, akala nao, akaniletea sahani kwa mikono miwili.

"Ahsante, bosi."

Vibarua wote wa shamba lile, hata Bi Somoe aliyenizidi umri, huniita mama.