Miezi Minane

Jumatatu, 10 Novemba

Jumbe arubaini na moja kabla ya saa nne asubuhi. Zote nimezijibu. Kabla ya mwezi wa nane ningekuwa bado nahangaika na ujumbe wa kumi.

Idrisa, mpwa wa Hajati, anafundisha kompyuta Chuo Kikuu cha Kyambogo. Ndiye aliyetuwekea akili bandia kwenye simu ya duka la dawa. Mteja akiandika au akituma sauti, kwa Kiganda, Kiswahili au Kiingereza, Msaidizi anasikiliza, anatunga jibu, halafu jibu linanisubiri mimi. Nasoma. Nikiridhika nabonyeza Tuma. Hajati, mwenye duka, hunitania kwamba siku hizi analipa kidole kimoja tu.

Lakini Msaidizi anafanya kazi. Wiki jana mzee mmoja wa hapa Mengo alitaja dawa anazokunywa, Msaidizi akaona mbili zisizopatana. Mimi sikuwa nimeona. Miaka sita ya kaunta na sikuwa nimeona.

Nampenda. Ni aibu kuandika hivyo juu ya mashine, ila hapa hasomi mtu.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Goti la Hajati limevimba, hakushuka dukani kutoka kwake ghorofani. Nilikuwa peke yangu. Homa, vikohozi, watoto wanalia, na nusu ya waliojaa dukani walikuwa wamekuja kujikinga mvua tu. Simu haikunyamaza.

Mchana niliacha kusoma majibu. Niandike ukweli. Nilikuwa natupia jicho mstari wa kwanza, nabonyeza. Hakuna aliyelalamika. Saa kumi foleni ilikuwa imekwisha.

Jioni nilijisifu kwa Hajati. Alinipa sambusa za moto.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua tena. Miguu inauma. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike polepole.

Asubuhi alikuja Ssalongo, mtu wa boda anayetupelekea vifurushi. Alitaka kujua kama yule mteja wa Mbuya wa Jumanne alisema kifurushi kimefika. Nikafungua mazungumzo ya mteja huyo. Kulikuwa na ujumbe wa sauti, mfupi. Sikuwa nimewahi kuusikiliza. Msaidizi ndiye aliyeusikiliza.

Nikaucheza huku nafuta kaunta. Mwanamke, Mkongo kwa sauti. Mtoto ana homa. Anaomba dawa ya maji ya homa na aelezwe ampe kiasi gani. Mtoto, alisema, "iko na myezi munane."

Chini yake jibu letu: kwa mtoto wa miaka minane, vijiko viwili vya chai, mara nne kwa siku.

Miezi. Si miaka.

Mtoto wa miezi minane hapewi hata kijiko kimoja kizima. Huyu amepewa viwili, mara nne, tangu Jumanne mchana. Ni dawa ambayo kila nyumba inayo, watu wanaichukulia kama maji. Ikizidi namna hiyo inakula ini. Na ini haliumi mapema. Mtu unaona yuko sawa, kumbe hayuko.

Nilipiga simu yake. Imezimwa. Mara kumi na tatu, imezimwa.

Nilimwambia Hajati tumbo linaniuma, niende nikapumzike. Uongo wa kwanza.

Ssalongo hakuuliza maswali. "Nyabo," aliniita kwa heshima ya Kiganda, "ile nyumba mimi najua. Iko na mlango ya bluu." Tulipanda hadi Mbuya kwenye matope, tukashuka upande wa pili wa kilima. Mlango wa bluu ulikuwepo. Na kufuli.

Jirani aliyekuwa akisuka mkeka alituambia mtoto alianza kutapika jana, leo asubuhi akawa amelegea, mama yake na mdogo wa mama huyo wakampeleka hospitali. Hospitali ipi, hajui. Ya kule mjini.

Nimeingia mbili. Hawapo. Sijala tangu asubuhi wala sitaki kula.

Ijumaa, 14 Novemba

Hospitali ya tatu. Wodi ya watoto. Nilimtambua mama kwa sauti kabla sijamwona. Ile sauti nimeisikiliza mara ishirini.

Mtoto anaitwa Riziki. Ni msichana. Wamemfunga kibao mkononi asikunje mkono wenye sindano. Macho wazi, lakini hayafuati kitu.

Daktari alikuwa akiuliza dawa gani, kiasi gani, tangu lini. Mama Riziki analia, anachanganya siku. Simu yake iliingia maji Jumanne hiyo hiyo jioni, maelezo yote yako humo. Nikajikuta nasema mimi. Jina la dawa. Vijiko viwili. Mara nne. Tangu Jumanne mchana. Daktari aliandika haraka, akaagiza damu ipimwe ini, na dawa ya kuvunja sumu ianze hapo hapo bila kungoja majibu. Kisha akanitazama. Nimejuaje? Nikasema mimi ndiye niliyemuuzia.

Ni kweli. Si kweli yote.

Hapo Mama Riziki akasema, "Daktari, ni mie. Nilisoma mubaya. Ni mie nilimupa mutoto wangu mingi."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kumshika bega. Nikasema pole tu, nikatoka.

Najichukia.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemwambia Hajati. Nilianza na uongo wa tumbo, nikamalizia na mtoto.

Swali lake la kwanza: mtoto yu hai? Yu hai. Akasema alhamdulillahi, akakaa kwenye kiti cha wateja. Sijawahi kumwona akikaa hapo. Duka hili lilianza na babu yake aliyefika hapa na biashara ya nguo kutoka pwani. Baba yake ndiye aliyeligeuza la dawa. Yeye ni wa tatu. Sasa mimi nimeliweka hatarini.

Idrisa alikuja na kompyuta yake. Alicheza ile sauti, akatuonyesha Msaidizi alichoandika aliposikia: miaka minane. Alisema mashine hizi zimelishwa Kiswahili cha redio na cha vitabu. Cha Wakongo wa Bukavu hazikijui vizuri. Zikikwama hazisemi zimekwama. Zinabahatisha, na zinabahatisha kwa lugha fasaha.

Halafu akasema jambo lingine, kwa sauti ya chini. Simu ya mama imekufa maji. Ujumbe umebaki kwetu tu. Hakusema tuufute. Alisema tu umebaki kwetu. Akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Nikadakia. Nikasema kwa hiyo kosa ni la mashine.

Hajati akanikata. "Mashine haikubonyeza, Nekesa."

Kisha akaendelea, akilisugua goti lake:

"Na mimi nilikuachia duka lote siku ya mvua, ukamaliza foleni saa kumi, nikakupa sambusa. Sikuuliza umeimalizaje. Usifute kitu. Lakini nipe mpaka Jumatatu. Tukifungua mdomo leseni inaweza kwenda, na kuna watu wanaokula kwa duka hili. Acha nifikiri, mwanangu."

Nimekubali. Nimekubali kwa sababu naogopa, si kwa sababu namheshimu. Nikifukuzwa hapa narudi kwetu Bungoma na jina bovu.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani nilikaa nyuma. Mchungaji alisema mengi, sikushika hata moja. Nikaondoka kabla ya sadaka, nikaenda wodini. Nilijiambia nakwenda kumwona mtoto tu.

Hali si nzuri. Majibu ya ini yamepanda. Daktari anasema siku mbili hizi ndizo zitakazoamua.

Lakini si hilo lililonivunja. Mama Riziki alikuwa amekaa sakafuni, mbali na kitanda, mgongo ukutani. Mdogo wake ndiye aliyembeba mtoto. Muuguzi akaninong'oneza kwamba tangu Ijumaa mama hataki kumshika. Hataki kumpa maziwa. Wakimpa kijiko anaficha mikono chini ya kitenge. Anasema mikono yake ina sumu.

Jumatatu ya Hajati ilikuwa mbali mno.

Nilikaa sakafuni mbele yake. Nikamwambia wewe hukusoma vibaya. Ulisoma sawasawa. Tulioandika vibaya ni sisi. Mashine ilisikia miaka, mimi nilitakiwa kusoma kabla ya kutuma, sikusoma. Niliharakisha. Nikatoa simu ya duka nikamchezea sauti yake mwenyewe, kisha nikamwonyesha jibu.

Aliomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena.

"Kumbe nilisema myezi."

"Ulisema miezi."

"Na juzi ulikuwa hapa. Ulinisikia nikisema ni mie."

Nikasema ndiyo, nilikuwa hapa.

Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alisema, "Toka," bila kupandisha sauti, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni. Nikatoka. Mlango wa wodi una kioo. Nilimwona akisimama, akimnyang'anya mdogo wake mtoto, akimkumbatia kwa mikono yote miwili mpaka muuguzi akakimbilia kuushika mpira wa dripu usichomoke.

Nilimtafuta daktari nikamwambia yote. Aliandika tena. Hakunitazama usoni.

Jumatatu, 17 Novemba

Hajati amekasirika. Alikuwa ameomba siku mbili nami nikamnyima. Nilisimama mbele yake kama mtoto wa shule. Alizungumza kwa Kiganda kwanza, haraka, kisha kwa Kiswahili cha kwao, polepole, na cha polepole ndicho kilichouma. Alisema hakuwahi kufikiria kuficha. Alisema alitaka tu aende yeye, mwenye duka, amwambie mama yule kwa mdomo wake. Nimemnyang'anya hiyo nafasi.

Sikulifikiria hilo kabisa. Nilidhani yeye ndiye mwoga. Mwoga ni mimi.

Saa sita aliwapigia wakaguzi wa dawa mwenyewe. Saa tisa wakafika, wawili. Wamechukua simu, wamechukua maelezo yangu, wamefunga duka mpaka watakaposema vinginevyo. Msaidizi amezimwa. Mtu mmoja alisimama nje na cheti chake cha dawa kutoka kwa daktari, akasoma tangazo la kufungwa mlangoni, akaenda zake.

Kabla hawajaichukua simu, Idrisa alinakili sauti zote za wateja tangu mwezi wa nane. Wakaguzi walikubali. Kesho tunakaa kuzisikiliza moja moja kwa masikio yetu.

Naogopa. Naogopa Riziki atakufa nami nitakuwa nimemaliza kusema ukweli na haitasaidia kitu.

Jumanne, 18 Novemba

Sauti mia mbili na kitu, nyumbani kwa Hajati, mezani pake. Idrisa upande mmoja, mimi upande mwingine, Hajati katikati na daftari. Yeye ndiye anayesikia Kiswahili cha kila mtu, cha wanajeshi, cha Wakongo, cha Wakenya sisi. Alilelewa kwenye kaunta.

Tumekuta kosa lingine moja. Mwanamke mjamzito aliyesema ana mimba changa. Msaidizi aliandika ana mtoto mchanga. Nilimpigia hapo hapo. Dawa tuliyomwandikia haifai kwa mimba, lakini hakuinunua. Alipata nyingine kwingine. Alinishukuru kwa kumjali. Nilikata simu nikaenda chooni kulia.

Idrisa hajasema neno la utetezi siku nzima. Kuna wakati alitoa miwani akasema angepaswa kuifanya ile mashine iulize pale isipokuwa na uhakika. Ni jambo dogo tu, alisema. Hakuliweka kwa sababu lingepunguza kasi, na kasi ndiyo iliyokuwa ikitufurahisha wote.

Hakuna habari kutoka wodini. Sina haki ya kuuliza.

Jumatano, 19 Novemba

Hajati amekwenda hospitali kwa goti lake bovu, akipanda ngazi na fimbo. Alikaa na Mama Riziki saa nzima. Hajaniambia walizungumza nini.

Ameniambia hili tu: majibu ya leo yameshuka. Mtoto amenyonya.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini, nikaishika tena.

Alhamisi, 20 Novemba

Yameshuka zaidi. Macho yanafuata taa.

Wakaguzi wameniita tena. Maswali yale yale. Nimejibu vile vile. Ni rahisi zaidi ukiwa na jibu moja tu.

Jumamosi, 22 Novemba

Riziki ameruhusiwa kutoka. Hajati ndiye aliyeniambia. Duka bado limefungwa, na hata likifunguliwa sijui kama kaunta ni yangu. Hajasema. Sijauliza.

Nilikwenda hospitali nikakaa kwenye benchi la nje, kando ya mabomba ya kunawia. Nilitaka kuwaona wakipita, basi. Lakini Mama Riziki aliniona kwanza. Alimwachia mdogo wake mfuko, akaja moja kwa moja, mtoto mgongoni.

"Sijakusamehe," alisema.

Nikasema najua.

Akakaa. Sio karibu, lakini benchi lile lile. Akatoa chupa ndogo ya dawa ya kuendelea nayo nyumbani, na bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kupimia. Akasema wamemwelekeza ndani, wameelekeza haraka haraka, na yeye hataki tena haraka. Akaniuliza mstari ni upi.

Nikamwonyesha. Nikachota maji bombani kwa kikombe cha plastiki nilichoazima kwa muuguzi ajaribu nayo kwanza, tusipoteze dawa. Mara ya kwanza alivuta yakapita mstari. Akayamwaga. Mara ya pili yakapungukia. Mara ya tatu aliinua bomba usawa wa macho, akaligeuza taratibu kwenye mwanga. Maji yalikuwa kwenye mstari barabara.

Hakuniuliza kama ni sawa. Aliona mwenyewe. Riziki alikuwa macho, anavuta ncha ya kilemba cha mama yake, anaitia mdomoni.

Walipoondoka nilimwaga maji yaliyobaki, nikasuuza kikombe, nikakirudisha kwa muuguzi.