Mpichi wa Limpho Umeshika

Mafeteng, 19 Septemba

Mwanangu Nthatisi,

Mpichi tuliompandia mjukuu wangu Limpho alipozaliwa umepona! Mbuzi walikuwa wametafuna gome kuzunguka shina lote. Bila tishu za chini ya gome, chakula cha majani hakishuki mizizini, na mti hufa. Basi nilikata vijiti vitano vya mti huohuo, nikavipachika kama madaraja juu ya kidonda.

Jirani yetu 'Mathabang alinicheka. "Ntate mwalimu, siku hizi unatibu miti? Si uupeleke hospitali!"

"Dawa yake ni mwili wake wenyewe, mama."

Leo vijiti vinne vimechipua! Nilipiga kelele hadi akaja mbio na mwiko mkononi, akasahau kucheka.

Nilikwambia kwamba Limpho aliivuta sufuria ya uji, ikamuunguza mkono. Si kweli. Niliiangusha mimi, nikaona haya kukiri.

Daktari alisema atachukua ngozi ya paja la Limpho aipachike mkononi. Je, imeshika? Nijibu upesi. Naye mwambie kwamba mti wake ulifungwa bandeji vilevile, na leo nimeifungua.

Baba yako,
Sekhonyana