Kofia ya Mtoto wa Salma

Doha, Jumanne, Machi 2010

Mimi na Salma tulikuwa tukicheka. Daktari alipitisha kifaa chake juu ya tumbo la mjukuu wangu Salma, na kwenye skrini ukatokea uso wa mtoto, kama umefinyangwa kwa udongo.

"Pua hiyo ya marehemu babu yako!" nikasema.

"Bibi! Pua yote ile, na akiwa msichana?"

Daktari hakucheka. Alikwishauacha uso, anatazama moyo. Akatueleza taratibu kwamba upande wa kushoto wa moyo haukukua. Akizaliwa atapasuliwa zaidi ya mara moja, na huenda asiishi.

"Sasa hivi anaumia?" Salma akamuuliza.

"Hapana. Humo tumboni, mama yake anamtosha."

Kwetu mtoto hanunuliwi nguo kabla hajazaliwa. Miaka yote hii ya ugenini nimeacha mengi, hilo sikuliacha. Tulipokuwa tukirudi nyumbani Al Wakrah, Salma akataka tupitie duka la nguo za watoto. Nilitaka kumkataza, lakini nikaingia naye.

Kofia ya sufu nimeichagua mimi. Akija hata kwa siku moja, aikute.