Chachu ya Kwenye Mfuniko

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Viganja vinaendeleaje? Mimi mzima, na mzuri kama kawaida. Kopo la chachu limefika. Baba kaniambia kwamba mikono yako haikandi tena, na lile tanuri la chuma la uani kwako ama unirithishe mimi, nikiweza kuoka kwa chachu yako, ama umpe fundi mageti alikate vipande. Mwambie akatafute chuma kwingine! Unga, maji na chachu tu, ndiyo vinishinde? Shule ilinishinda kwa sababu hailiki.

Mwanao,
Mfalme wa Mikate

9 Machi

Ewe mfalme usiye na kiti,

Marahaba. Viganja bado vinauma, mdomo mzima. Chachu ni kiumbe hai. Kila asubuhi ipunguze, uilishe unga na maji, na usiiweke kwenye joto kali. Fundi kashapima tanuri. Nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi, nionje mkate wako kwanza.

Shangazi yako

17 Machi

Shangazi,

Shikamoo, hujambo? Kaa chini kwanza. Nimekanda, nikaenda kunyoa, narudi nakuta kinyunga kimevimba hadi kimesukuma kitambaa! Baba kala nusu mkate, na yeye hanisifii hata nikiwa nimelala. Nimekufungia kipande. Tanuri lifutwe vumbi.

Mwanao,
Mfalme wa Mikate

22 Machi

Wewe,

Marahaba, kama bado tunaamkiana. Kinyunga cha chachu yangu hakiumuki kwa muda wa mtu kwenda kunyoa, labda anyolewe unywele mmoja mmoja. Kipande nimekionja, hakina uchachu hata wa kusingizia. Hiyo ni hamira ya dukani. Chachu yangu iko wapi? Nilikupa yote, sikubakiza.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Niliona chachu imepoa, nikaiweka juu ya jiko ipate joto kidogo. Ikaiva, ikawa uji. Ndipo nikakimbilia hamira.

Uliposema hukubakiza, sikula. Sawa, nilikula kidogo. Kopo nilikuwa nimeshalisugua, ila mfuniko, kwa uvivu wangu, sikuuosha tangu kopo lilipofika. Ukingoni palikuwa na ukoko mkavu. Nikaukwangua kwa kisu, nikauloweka, nikawa naulisha kila asubuhi. Baba akasema nalea tope. Nikamwambia tope langu, niache nalo. Likanuna wee, mpaka asubuhi moja likatoa povu. Nilipiga kelele jirani akadhani tumeingiliwa na nyoka.

Mkate wa kwanza ulikuwa jiwe. Wa pili, kaka yake jiwe. Huu wa tatu ni bapa kama kandambili, na nakutumia hivyo hivyo. Najua mwezi umeshapita. Kama tanuri limekatwa, basi. Lakini kwenye kikopo hiki kuna nusu ya chachu yako. Imerudi nyumbani.

Mwanao

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba sana. Mkate wako umenilegeza jino, lakini ni mchachu sawasawa. Nimeutafuna hadi ganda.

Fundi alikuja mwisho wa mwezi na msumeno wake. Nikamrudisha, nikamwambia kuna mjinga mmoja bado namsubiri. Jumamosi njoo na vijana wa kubeba, tanuri ni zito. Lete mikono tu. Mdomo uache huko huko.

Shangazi yako