Simu Aliyoipokea Mbusa

India, 3 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Habari ya Bwera? Miguu inaendeleaje? Na Patience wangu ana meno mangapi sasa? Wasingya, asante Mama, kwa kunilelea.

Mimi nipo, namshukuru Mungu. Daktari amesema wazi kwamba huu moyo uliochoka tangu nimzae Patience hauponi tena kwa dawa. Wameniwekea pampu ndogo kifuani isukume damu. Waya wake unatokea tumboni hadi kwenye betri ninayoivaa kiunoni. Ukiniona utacheka. Lakini hiyo ni ya kungojea tu. Akifa mtu ambaye damu yake inapatana na yangu, na ndugu zake wakikubali, moyo wake utaletwa kwenye sanduku la barafu, kama samaki wa Kahendero, na ndani ya saa nne uwe umeshonwa kwangu. Simu yao ikilia lazima ijibiwe papo hapo. Nimewapa namba ya kaka Mbusa anayeniuguza hapa, maana mimi nalala sana.

Mwanao,
Elise

Bwera, 30 Machi 2025

Mwanangu Elise,

Salamu za Bwana. Sisi wazima. Nilikwenda Kasese kupimwa miguu, wakaniambia ni uzee, kana kwamba sikujua. Patience ana meno manne na ananiuma nayo.

Ninakuombea asubuhi na jioni. Usiwe na pupa, mwanangu. Haraka haraka haina baraka. Na Mbusa usimlaumu kwa lolote, ni mtoto mtiifu.

Mama yako,
Rusi

India, 16 Juni 2025

Mama,

Leo sikuulizi hali. Muuguzi aliyekuwa akinisafisha kidonda amesema, "Pole, laiti ungekubali ule wa Machi." Machi gani? Akanionyesha kwenye faili: tarehe ishirini na nne, moyo umepatikana, familia ya mgonjwa imekataa. Nimembana Mbusa mpaka akalia. "Mama ndiye alisema nikatale. Mie ningefanya nini?"

Pale waya unapotokea pameoza, na vijidudu vimeingia kwenye damu. Visipoisha hawanipi moyo wowote. Niambie Mbusa anakusingizia.

Elise

Bwera, 22 Juni 2025

Mwanangu,

Hanisingizii. Alinipigia akisema, "Mama, moyo imepatikana, ya kijana wa pikipiki. Mama yake iko pembeni ya kitanda." Nikamuuliza kama huo moyo bado unapiga. "Inapiga, Mama." Nikamwona mwanamke mwenzangu ameshika mkono wa mtoto ambaye moyo wake unapiga, na mimi huku nimepiga magoti nikiomba afe. Nikasema, kataa, utakuja mwingine. Nilidhani akiachwa atapona. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungekubali.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nisamehe.

Mama yako

India, 30 Juni 2025

Mama,

Kijana yule ubongo wake ulikuwa umeshakufa. Mashine ndiyo iliyokuwa ikimpumulia. Alizikwa wiki ile ile, na mama yake hakupata chochote kwa huruma yako. Mimi nami ni mwana wa mtu, au ulisahau? Nina hasira na wewe kuliko na ugonjwa.

Moyo wake alipewa Mahmood, mzee wa Mombasa aliyekuwa chumba cha pili. Jana amepita kwangu kuniaga, amebeba begi lake mwenyewe, anarudi kwao. Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye niliyempisha. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru huku analia.

Nimempa namba yako, akushukuru wewe.

Elise