Kitabu Chako na Panga la Mwenya

Makomeno, Lubumbashi
9 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Asani,

Assalam alaykum. Hujambo huko Liège? Baridi inakuacha upumue? Mimi na watoto tu wazima, Alhamdulillahi. Shemeji yako Souleymane yuko hai. Nimeandika "yuko hai" makusudi, hebu soma tena.

Ni kile kitabu chako, Asani. Kile cha Mzungu wa zamani aliyewakimbia watu akakae peke yake msituni, ale kidogo, asikilize ndege. Ulimtumia shemeji yako apate cha kusoma baada ya kuacha ushonaji. Akakisoma, akakirudia, mwisho akaniambia mji una kelele, anakwenda Lukafu kujenga kibanda porini. Nilicheka. Nilidhani mvua ya kwanza itamrudisha.

Haikumrudisha. Rigobert wa pikipiki, anayempelekea unga, alisema mzee amenenepa na anaongea na ndege. Alisema pia kuna bibi kutoka ng'ambo ya mto anayemwachia uyoga mlangoni juu ya jani, hasemi neno, anainua mkono tu na kwenda zake. Souleymane alimsifu sana: eti huyo ndiye jirani pekee anayemwelewa. Nikasema haya, acha awe mjinga kwa raha zake.

Kisha ng'ambo ya mto kukatokea kilio cha msiba. Aliwasikia wanawake wakilia tangu asubuhi. Souleymane huyu huyu, ambaye hapa Makomeno hakosi kilio hata cha mtu asiyemjua! Safari hii akabaki mlangoni na kitabu chako, kwa sababu humo imeandikwa mtu aulinde upweke wake. Nimekisoma chote sasa. Miti, maji, ndege, na hakuna msiba hata mmoja. Kwetu, mtu akiishi peke yake porini na asionekane kwenye kilio, watu wanajua nani ameua.

Walikuja baada ya mazishi, na mapanga na petroli, wakimwita mchawi. "Mulozi, toka! Ulikula mama yetu!" Mbele alikuwa Mwenya, mwana wa marehemu. Walichoma kibanda shemeji yako akiwa ndani. Alipotoka akikohoa Mwenya akamshushia panga, naye akajikinga kwa mkono. Vidole vya mkono wa kulia havipo, Asani. Vile vile vilivyokushonea suti ya harusi! Wakampiga mawe mpaka jicho likapasuka, na wangemmaliza kama Rigobert hangeingiza pikipiki katikati yao akipiga honi kama mwehu.

Kitabu kilikuwa ndani ya shati lake, kimelowa damu. Nilikinyakua hospitalini alikolazwa nikakitupa kwenye makaa ya mbabula waliyokuwa wakipikia bukari, ugali wetu, uani. Souleymane akalia. Nikakichomoa kwenye makaa, nikaungua, nikakutukana kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Sasa ninamsomea mimi, maana hawezi. Na nikwambie kweli, ukurasa wa mvua ya asubuhi ulininyamazisha hata mimi.

Juzi nilikwenda Lukafu mwenyewe kufanya kile kilio ambacho mume wangu hakukifanya, nikabeba unga na kitenge. Nilipomwona Mwenya nilitaka kumng'ata koo. Nikakaa kwenye mkeka nikalia, kwanza kwa hasira. Mwenya akakaa mbele yangu, akasema, "Mama alikuwa anamupelekea bowa. Ile siku alitokea kule, akalala, hakuamuka."

Bowa ni uyoga, Asani, kama umesahau lugha ya kwetu. Hapo nililia kweli.

Souleymane hajui. Kila asubuhi ananiambia akipona atarudi Lukafu, hata kwa siku moja, kumshukuru yule bibi, kwa sababu anaona aibu hakuwahi kumuuliza jina. Mimi ninageukia ukuta. Ulimi wangu, unaoujua, umekataa.

Msalimie mkeo Céline na watoto. Mama Mariam wa jirani anakusalimu, bado anauliza lini utakuja. Mungu akulinde na baridi na kila shari.

Ila wewe ndiye uliyetuma kitabu. Mwandikie wewe shemeji yako ukweli huu, mimi nitamsomea. Bibi aliitwa Ngosa. Anza na jina hilo.

Yaya wako, dada yako mkubwa akupendaye, hata leo,
Fatouma