Fremu Inahama

Mahongole, Makambako
3 Machi 2025

Mpendwa Dada Esnath,

Shikamoo. Natumaini barua pepe hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kikohozi kimekuachia. Sisi huku wazima, ni mvua na matope tu. Nakuandikia barua ndefu makusudi, maana kwenye WhatsApp unanijibu kwa kidole gumba.

Ule mfumo niliowajengea ushirika wenu mwaka 2017, unaowaambia wakulima wa maparachichi kwamba lori linakuja Alhamisi, kwa hiyo wachume Jumatano, umezeeka. Kampuni inayotutumia jumbe za simu inafunga API yake ya zamani, yaani ule mlango tunaopitishia jumbe, tarehe 30 Juni. Mlango mpya upo tayari. Ila fremuweki yangu, kile kiunzi kinachobeba mfumo mzima, haiutambui kabisa. Nikitaka kutumia mlango mpya ni lazima nihamishe fremuweki yote kwenda toleo jipya. Hapa hatubadilishi balbu, tunavuta nyaya upya nyumba nzima.

Wewe ndiye katibu. Naomba siku mbili za kuzima mfumo, wiki hii, kabla msimu haujachanganya.

Mdogo wako,
Danieli


Njombe
27 Machi 2025

Mdogo wangu Danieli,

Marahaba. Hatujambo, kikohozi sasa kimehamia kwa shemeji yako na analalamika kama mtoto. Pole na matope.

Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu ni hapana na nilikuwa natafuta namna ya kulisema vizuri. Sikuipata. Wewe unakaa na kompyuta, mimi nakaa na watu. Mwaka ule uliposema unarekebisha kitu kidogo tu, majina yakachanganyika, na mwenyekiti wetu Mzee Marcelino akawa anaitwa Bi Rosemary kwenye simu yake mwezi mzima. Mpaka leo vijana wanamsalimia hivyo wakishapita mbali.

Na mnunuzi mwaka huu ametuambia waziwazi: lori likirudi tupu hata mara moja, linahamia kwa wakulima wengine, na sisi tubaki tunatazamana na maparachichi yetu. Unataka nichezee hapo? Kinachofanya kazi kiache. Agosti, msimu ukiisha, hamisha hata mara tatu.

Dada yako,
Esnath


Mahongole, Makambako
28 Machi 2025

Dada,

Shikamoo, na pole kwa shemeji.

Agosti! Dada, maiti haihamishwi, inazikwa. Mlango ukifungwa 30 Juni, ujumbe wa Julai hautatoka hata mmoja, na lori lako litarudi tupu bila mimi kugusa kitu. Mimi ndiye ninayeogopa hilo lori kuliko wewe. Nimechoka kuonekana fundi anayetafuta kazi kwa kuvunja alichojenga.

Tufanye hivi. Toleo jipya nitalijenga pembeni na kulijaribu kwa namba zangu mwenyewe mpaka nisikie aibu kulijaribu tena. Ila siku ya kuhama lazima iwepo. Nipe Jumamosi na Jumapili moja mwezi Mei, mbali na Alhamisi yako. Tangazo nimeshakuandikia, wewe tuma tu:

"Ndugu wanachama, tarehe 17 na 18 Mei fremu inahama. Siku hizo shughuli zote zitafanyikia Makambako. Msiwe na wasiwasi."

Mdogo wako,
Danieli


Njombe
19 Mei 2025

Danieli,

Salamu nitakupa nikipoa.

Nilikubali, ndiyo. Ijumaa asubuhi nikatuma tangazo lako kama lilivyo, sikugusa hata nukta. Kufika mchana nina watu sabini mlangoni, wengine na majembe, wametoka shambani moja kwa moja. Fremu, Danieli! Nani hapa Njombe anajua fremu nyingine zaidi ya chumba cha duka? Wamesoma kwamba ofisi ya ushirika inahama na kupelekwa Makambako. Makambako! Unawajua watu wetu wakisikia hilo jina. Mama mmoja kanishika mkono ananiuliza, "Katibu, wamekupa nini?" Mzee Marcelino kapanda juu ya mizani kwa viatu vyake, kasema anayetaka kuichukua aanze kumpima yeye.

Nikaeleza kuhusu fremuweki na tarehe 30 Juni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi. Mwisho mzee akatoa Biblia kwenye mkoba, nikaapa mbele ya wote kwamba msimu huu hakuna kitu kitakachohama wala kuguswa. Wakanipigia makofi.

Kwa hiyo usiguse. Hilo si ombi. Na usiniambie mlizoea kulifupisha hilo neno huko kwa mafundi wenzako, mimi na mafundi wenzako hatufahamiani.

Dada yako,
Esnath


Mahongole, Makambako
30 Juni 2025

Mpendwa Dada Esnath,

Shikamoo. Natumaini mnavumilia baridi. Huku nako asubuhi nyasi ni nyeupe.

Nimekuandikia barua tatu tangu Mei, zote za kuomba radhi na kuuliza tunafanyaje. Hukujibu hata moja. Nilikukosea na lile tangazo, sina la kujitetea. Ila kalenda haikukasirika pamoja na wewe, iliendelea kwenda.

Jana Jumapili, mkiwa kanisani, nimehamisha. Nilianza saa tatu, saa sita nikawa nimemaliza. Majina nimeyakagua moja moja, mzee ni Marcelino. Najua uliapa. Ningekuuliza jana ungekataa kwa sababu ya kile kiapo, kwa hiyo sikukuuliza. Ujumbe wa Jumatano utatoka. Ukiamua kunichukia, nichukie lori likishajaa.

Mdogo wako,
Danieli


Njombe
14 Julai 2025

Mdogo wangu Danieli,

Kamwene. Sote wazima, baridi tu ndiyo inatukomesha. Shemeji yako anakusalimu.

Lori lilijaa tarehe 3, likajaa tena tarehe 10. Jumamosi tukawa na mkutano, na furaha ilikuwa kubwa mno. Tarehe 30 imepita, wakasema, na mfumo unadunda vilevile, hatukuugusa! Kumbe yule fundi wa Makambako alikuwa anatutisha ili apate kazi. Wakaamua kwa mikono yote juu kwamba uachishwe kazi, na barua ya kukuachisha niiandike mimi, palepale, waisikie ikisomwa.

Nikaandika jina lako. Sikuweza kuendelea. Nikasimama nikawaambia.

Mzee Marcelino akauliza, "Kwa hiyo tumekwisha hama?"

"Tumehama, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile, tukiwa tunaimba."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua kesho yake. Nikanyamaza wiki mbili."

Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Walijadili kwa upole kabisa, wakaamua fundi abaki na katibu aliyeapa aondoke. Nimemkabidhi Aneth, katibu mpya, muhuri na funguo. Atakupigia wiki hii umwelekeze. Mjibu vizuri, na ukimwandikia tangazo, mwandikie kwa Kiswahili cha watu.

Nina hasira na wewe, na nimetafuta mahali pa kuiweka nimekosa. Barua zako tatu nilizisoma zote, siku ileile zilipofika. Nilijua usingeacha tarehe 30 itukute. Ndiyo maana sikujibu, nilitaka uhamishe bila mimi kusema ndiyo. Hilo mkutanoni sikulisema. Kiapo wewe hukukivunja, Danieli. Nilikivunja mimi, kuanzia barua ya kwanza niliyoacha kuijibu.

Dada yako tu,
Esnath